Geji Iliyofunikwa Gunia

Mshale wa geji ya boila bovu ulisogea saa sita na dakika saba mchana. Enock alipouona kwenye simu yake akacheka peke yake, maana hakuna kitu kilichomfurahisha mtu yule kama kuona mwingine amekosea, hata kama mwingine huyo ni kipande cha chuma.

Boila lenyewe lilikuwa limezimwa miaka kumi na tisa. Bomba lake la mvuke lilikatwa kwa msumeno, tumbo lake lilikuwa kavu, nalo likabaki kwenye kona ya kiwanda cha kukamua alizeti cha Abdulkadiri, nje kidogo ya mji wa Singida kwenye barabara ya Mtinko. Baba yake Abdulkadiri alilinunua zamani kutoka shamba la mkonge lililofilisika huko pwani. Kuku wa mlinzi walitaga kila mahali pale kiwandani, isipokuwa chini ya boila hilo. Enock hakuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu kuku si wa kuangaliwa na mtu mwenye stashahada.

Stashahada hiyo aliipata Dar es Salaam, na tangu aipate hakuna aliyepumzika kuisikia. Alizaliwa Sekenke, akakulia kwenye vumbi la mashimo ya dhahabu kama watoto wenzake, lakini aliporudi mkoani alitembea kama mgeni aliyetumwa kuja kukagua. Kazi pale kiwandani aliombewa na baba mkwe wake, mzee Gaspari, ambaye alikuwa mwendesha boila tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nyumba aliyokaa na mkewe Magreth ilikuwa ya mzee huyo huyo. Shukrani yake ilikuwa shikamoo ya haraka haraka kila asubuhi, macho yakiwa kwenye simu.

Mzee Gaspari alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila baada ya saa moja alizungukia geji kumi na moja, za boila jipya, za matangi na za pampu. Mbele ya kila geji alisimama, akagonga kioo mara mbili kwa kifundo cha kidole ili mshale uliokwama ujiachie, akasubiri, akasoma, kisha akaenda kuandika namba kwa chaki kwenye ubao. Geji ya kumi na mbili ilikuwa ya boila bovu. Hiyo ilifunikwa gunia na kufungwa kamba, na mzee akifika hapo aligeuzia uso ukutani mpaka apite. Kwenye ukuta huo mtu alikuwa amechora kwa msumari jina la ALPHONCE. Enock aliwahi kuuliza ni nani, wapakiaji wakamwambia ni marehemu aliyekuwa akichochea boila hilo. Akasonya na hakuuliza zaidi.

Sasa mizunguko ya mzee ilikuwa imekwisha. Enock alimshawishi tajiri wake, Abdulkadiri, akanunua vihisi visivyo na waya, vidude vya duara vinavyobanwa juu ya kioo cha geji, vikautazama mshale kila dakika na kutuma namba mtandaoni. Mtu akifungua ukurasa wake kwenye simu anaziona geji zote kwa pamoja. Anapanga kila kihisi kipige kengele presha ikifika wapi, na kitazame kila baada ya muda gani. Vilikuja kumi na viwili kwenye boksi moja, na geji za kazi zilikuwa kumi na moja. Mtu mwenye akili timamu angekiweka kimoja kabatini kiwe cha akiba. Enock alitaka ukurasa wake ujae bila pengo, ili tajiri akiufungua asipate mahali pa kuuliza swali.

Alikuwa ameshika kisu mbele ya gunia wakati mzee Gaspari alipomfikia.

"Hiyo hatuiangalii, mkwe," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Kwa sababu gani, baba?"

"Lilikuja na kitu chake kutoka huko pwani. Kaka yangu ndiye aliyelifunika. Alipatana nacho, marehemu baba yake mwalimu Mselemu akiwa shahidi. Kisitazamwe, wala kisiitwe jina, nacho kitakaa kimya. Miaka kumi na tisa kimekaa kimya."

Baada ya neno pwani Enock hakusikia kitu, kwa sababu alikuwa akitafuta mtandao kwenye simu. Alijibu kwamba chuma hakina aibu ya kutazamwa, akakata kamba. Mzee akavua kofia yake, akaikunja, akaondoka kinyumenyume hadi mlangoni.

Ukurasa ulidai kila kihisi kiwe na jina. Kisanduku cha jina kikiachwa kitupu, ukurasa wenyewe unaandika jina la fundi aliyekifunga, na Enock hakutaka jina lake likae kwenye pampu. Akaviita Boila, Pampu ya Kwanza, Pampu ya Pili, Tangi la Mafuta Machafu, akaendelea hivyo hadi akafika kwenye cha mwisho. Hapo akaona mzaha mzuri. Kitu kizee, hakifanyi kazi, kimebaki kula nafasi. Akaandika: Gaspari. Wakati wa chakula aliwaonyesha wapakiaji, meno yote nje. Wawili walicheka kwa kuwa ni msimamizi wao. Wa tatu alichukua sahani yake akahamia benchi jingine.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne ndiyo siku mshale uliposogea, mitambo yote ikiwa imezimwa kwa mapumziko ya mchana. Kwenye ukurasa, mstari wa Gaspari ulipanda kutoka sifuri hadi sita na kubaki pale ukitetemeka. Enock akaamua kwamba kihisi kimelegea, akachukua bisibisi akaenda kukikaza, huku akijiandalia maneno ya kuwaambia waliokitengeneza.

Jengo lilikuwa tupu. Jua lilisimama utosini na mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Kitu cha kwanza kilichompokea ni harufu, na haikuwa harufu ya mashudu ya alizeti aliyoizoea, ilikuwa ya mkonge uliooza, majani yaliyolala kwenye maji siku nyingi, harufu ambayo hakuwahi kuisikia maishani na bado aliijua. Akaweka mkono juu ya boila, akalikuta baridi kama chungu cha maji wakati kila chuma kingine mle ndani kilikuwa kinachoma. Alipoinama kukiangalia kihisi, kioo cha geji kikagongwa mara mbili. Kiligongwa kutoka ndani, polepole, kwa kifundo, kisha pakawa na kimya cha mtu anayesubiri mshale ujiachie, na Enock akasikia kwamba kile kilichokuwa nyuma ya kioo kilikuwa kimekwisha subiri na sasa kinasoma, na kilichosomwa ni yeye.

Alitoka mbio. Nje kwenye jua akajiambia ni panya. Panya wa namna gani anaishi nyuma ya kioo cha geji, hilo hakujiuliza, maana wasomi wa aina yake huuliza maswali wakiwa na hakika jibu halitawagusa.

Jioni Magreth alimwambia kwamba baba amerudi kutoka kazini akihema. Magreth alikuwa na mimba ya miezi minane na yeye mwenyewe alikuwa akihema akipanda ngazi mbili za mlangoni, kwa hiyo Enock alimjibu kwamba kuhema ni ugonjwa wa familia yao. Jumatano mzee hakuweza kwenda kazini. Zahanati walimpima kifua, wakamwambia kiko safi, wakampa vidonge na kumrudisha nyumbani. Siku hiyo, saa sita na dakika saba, mstari wa Gaspari ulishuka kutoka sita hadi nne.

Alhamisi Enock alirudi nyumbani kula. Magreth alimwomba akae kidogo na baba yake wakati yeye anasonga ugali. Akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, amechoka na uso wa mgonjwa kabla hata hajautazama, akatoa simu. Kwa kukosa la kufanya akafungua mipangilio ya kile kihisi, akakiamuru kitazame kila sekunde badala ya kila dakika. Mstari ukaacha kuwa mstari. Ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa mwendo ambao aliwahi kuuona mahali. Akainua macho. Blanketi juu ya kifua cha mzee lilipanda, na mstari ukapanda. Likashuka, na mstari ukashuka. Mzee akakohoa mara tatu na mstari ukaruka mara tatu. Kisha mzee akanyamaza, kinywa wazi, hewa imemkwama kooni, na kwenye simu mstari ukanyooka, ukaendelea kunyooka, wakati uvundo wa mkonge ukiingia kupitia dirisha lililofungwa, hadi Enock akajikuta amesimama na yeye mwenyewe ameacha kupumua, na hapo ndipo kifua kilipovuta hewa tena kwa sauti ya nguo inayochanika. Namba iliyobaki kwenye ukurasa ilikuwa mbili.

Hakula ugali ule. Alirudi kiwandani, akakibandua kihisi, akatoa betri na kuitia mfukoni. Ukurasa ukaendelea kuonyesha kwamba Gaspari yuko hewani. Akafuta kihisi chote kwenye orodha, na alipofungua upya kilikuwa kimerudi mahali pake. Akabadilisha jina, akaandika Boila Kuukuu, akabonyeza hifadhi. Ukurasa ukapepesa, jina likarudi kuwa Gaspari. Kitu hicho kilikuwa kimeonjeshwa jina la mtu, na jina la chuma hakikulitaka. Alirudisha betri, akakibana kihisi pale pale. Tangu hapo hakujidanganya tena kuhusu panya. Aliogopa, na kilichomuuma kuliko woga ni kwamba mzee asiye na cheti alikuwa amemwambia mapema.

Ijumaa asubuhi Magreth, Mkatoliki asiyekosa misa, ndiye aliyempigia simu mwalimu Mselemu. Huyu alifundisha watoto kusoma Kurani mjini, mtu mwembamba wa baiskeli, mwenye mazoea ya kusubiri watu wamalize uongo wao kwanza. Hakwenda kwa mgonjwa. Alimwambia Enock ampeleke kiwandani. Mbele ya boila alisimama akinusa, akaomba aonyeshwe simu, akalisoma jina kwenye ukurasa mara mbili.

"Waliahidiana kisitazamwe na kisiitwe," alisema. "Wewe umekipa jicho lisilofumba, halafu umekipa jina la baba yako. Kinakula ulichokipakulia."

"Tufanye nini, mwalimu?"

"Ondoa jina la mzee, uweke lako. Mkono ulioandika ni wako. Kikishakuingia, mimi nitakusomea na kitatoka. Mtu aliyejitoa mwenyewe anatolewa. Aliyeandikwa na mwenzake sina njia naye."

Enock akauliza kama kuna hakika. Mselemu akamjibu kwamba baba yake alishakitoa kwa mtu mmoja hivyo hivyo, na mtu huyo akaishi hadi kuzeeka. Saa ilikuwa sita kasoro dakika mbili. Mshale ulikuwa juu kidogo ya moja. Enock akaomba aachwe peke yake, akasema ni jambo zito na anataka kusali. Mwalimu akatoka nje akasimama kwenye jua.

Alipobaki peke yake Enock alilifuta jina la Gaspari. Kisanduku kikabaki kitupu. Hakuhitaji hata kuandika; angebonyeza hifadhi tu, na ukurasa ungeweka jina lake wenyewe. Kidole kilikaa juu ya kitufe hadi saa sita na dakika tano. Kioo kikagongwa mara mbili. Enock akageuza uso kukwepa kuona, akageukia pale pale alipokuwa akigeukia mzee miaka yote, na macho yake yakatua kwenye ukuta. ALPHONCE. Marehemu hana pumzi ya kuliwa. Alijiona mjanja kuliko mwalimu, mzee na jini kwa pamoja, akaandika jina hilo, akahifadhi. Ukurasa ukapepesa na kulikubali. Mshale ukaanguka hadi sifuri, harufu ikakatika, na boila likaanza kupata joto la kawaida kama vyuma vingine.

Akatoka akipangusa uso, akamwambia Mselemu kwamba ameandika jina lake. Mwalimu akamkalisha, akafukiza ubani, akasoma juu ya kichwa chake hadi ilipokaribia sala ya Ijumaa. Alipomaliza alimkazia macho.

"Kwako hakikutoka kitu," alisema.

"Basi labda kilikuwa kidogo," Enock alijibu.

Mselemu akafunga kitabu chake, akakataa chai, akaondoka na baiskeli yake bila kuaga.

Mzee Gaspari aliamka jioni ile ile na kuomba uji. Jumapili alikuwa amekaa nje ya nyumba akipepeta mtama. Habari zilikwisha zunguka, na majirani walikuja kumwona mkwe aliyejitoa kwa ajili ya baba yake. Enock aliwapokea wote, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na kila aliyempa mkono alimwacha amevimba zaidi. Mzee alipomshika mikono yote miwili na kumwambia, machozi yakimtoka, kwamba hakuwahi kuwa na mtoto wa kiume na sasa anaye, yule mtu alimtazama usoni na kusema alifanya linalompasa. Ni vigumu kusimulia hapa bila kutema mate.

Wiki tatu mstari wa Alphonce ulilala sifuri. Enock aliuangalia kila mchana, na kila mchana alijipongeza.

Magreth akajifungua salama mtoto wa kiume. Aliomba baba yake ndiye ampe jina, kwa kuwa amerudishwa kutoka kaburini. Enock aliruhusu. Alisema mambo ya majina ya kimila ni ya wazee, yeye atashughulika na cheti cha kuzaliwa. Siku kitovu kilipoanguka, jamaa wachache walikusanyika chumbani mchana, mzee Gaspari akapewa mtoto mikononi. Alizungumza kwanza kwa Kinyaturu, taratibu, halafu akageukia Kiswahili ili mkwe wake wa Kinyiramba asipitwe.

Alisema kwao mtoto humrudisha mtu aliyetangulia. Alisema kaka yake, aliyemwachia kazi ya boila, alikufa bila mtoto na hajapata wa kumrudisha hadi leo, na jina hilo amelitunza miaka yote akisubiri damu inayolistahili. Enock alikuwa amesimama mlangoni. Alianza kuelewa polepole, kuanzia miguuni, na alipofungua kinywa ili aseme ngoja, mdomo wa mzee ulikuwa tayari sikioni mwa mtoto.

"Mkwe wangu alitoa jina lake kwa ajili yangu," mzee alisema alipoinua kichwa. "Nami namlipa kwa nililolitunza. Huyu ni Alphonce."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Enock. Hakuhitaji kuitazama ajue ni saa ngapi. Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, na chini ya vigelegele hivyo uvundo wa mkonge uliooza ulikuwa ukipanda kutoka sakafuni, ukipita kwenye kanga zilizokunjwa, kwenye chupa ya mafuta ya mtoto, kwenye nywele za Magreth aliyekuwa akicheka na kulia, na hakuna aliyeusikia isipokuwa yeye na mzee, ambaye alikuwa ameacha kutabasamu na ananusa hewa. Na pembeni, kwenye beseni la kuogea mtoto lililokuwa na maji nusu, kitu kikagonga mara mbili kutoka ndani.

Enock akatoka uani. Akafungua ukurasa. Alphonce alikuwa hewani, na mstari ulikuwa ukipanda na kushuka upesi upesi, kama wanavyopumua wachanga. Akaingia kwenye mipangilio, akalifuta jina. Kisanduku kikabaki kitupu, na kitufe cha hifadhi chini yake. Bonyezo moja tu, halafu baiskeli ya Mselemu ilikuwa umbali wa dakika kumi.

"Enock," Magreth aliita kutoka chumbani kwa sauti ndogo. "Mbona mtoto anapumua hivi?"

Kidole chake kikasimama juu ya kitufe. Mstari ulikuwa umefika tano, na ulikuwa unashuka. Enock akautoa ukurasa kwenye kioo bila kuhifadhi, akafungua orodha ya namba za simu, akaanza kupitia majina ya watu kutoka juu. Wa kwanza alikuwa tajiri, Abdulkadiri. Alimfikiria kidogo, akaona bado anamhitaji, akateremka kwa anayefuata.